Usizime, Uliandika

Mume wangu, Baba Kulwa,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako hapa ofisi ya parokia.

Unakumbuka tulivyohamisha vitabu vya ubatizo? Mchwa walikuwa wameshakula nusu ya kabati. Mimi nasoma majina, wewe unachapa. Tulipofika kwa pacha wetu ukasimama.

"Soma tena hao."

"Kulwa na Doto."

"Tena."

Nikakutania kwamba karani mwenye masikio husikia mara moja. Baadaye vile vitabu vikapukutika, majina yakabaki ndani ya kompyuta hii tu. Nakala nyingine sikuwahi kuweka.

Jumatatu mwalimu wa kwaya alileta flashi nimchapie nyimbo. Kuichomeka tu, mafolda yake yote yakaota vimishale, ile dalili ya virusi, na antivairasi ikaandika kwamba imepitwa na wakati. Nikabonyeza sasisha. Imeshindikana. Nikabonyeza tena na tena. Mara ya mwisho ilisasishwa wiki ile uliyolazwa. Watu wanatoka mbali, kule Kigwa, kuja kuomba vyeti vya ubatizo. Niwaambie majina yao yameliwa mara ya pili?

Nikamwita Neema, yule fundi uliyemfundisha. Akaunganisha laptopu yake na mtandao wetu, akajaribu kusasisha: imeshindikana. Akatumia intaneti ya simu yake: ikakubali papo hapo. Akageukia kompyuta yako ya pembeni, ile inayopitisha intaneti ya ofisi nzima na kutunza nakala za mafaili yaliyopakuliwa mtandaoni ili bando lisiishe haraka.

"Mama, hii inatulisha kiporo. Antivairasi inaomba faili jipya, hii inatoa la zamani ililolihifadhi."

"Usiiguse!"

"Tangu msiba kuna aliyeigusa?"

Nikamwonyesha karatasi uliyoibandika: USIZIME. Nimeilinda mpaka wanaofagia wananiogopa. Vumbi lake nafuta mwenyewe, na ncha ya khanga.

Neema akasema taratibu, "Alimaanisha umeme, Mama. Hakukataza isafishwe. Marehemu mwalimu wangu mwenyewe angetugombeza."

Nikageukia dirishani ili nisione. Akafuta akiba yote ya mafaili yale ya zamani, akaiamuru isihifadhi tena mafaili ya antivairasi. Kompyuta zote za ofisi zikasasishwa. Kisha ukaguzi wa virusi ukaanza, nami nikaanza barua hii, kwa sababu siwezi kukaa bure nikiitazama. Antivairasi imekamata kirusi kimoja. Sasa cha pili. Neema ameahidi kesho kunifundisha kuweka nakala. Lakini kesho iko mbali, Baba Kulwa, nami sikuzoea kuogopa peke yangu.

Imemaliza.

Nimefungua rejista huku nimefumba jicho moja. Mungu anisamehe, sikuanza na watu wa Kigwa. Nimetafuta wanetu kwanza. Wapo. Nimewasoma kwa sauti, Kulwa na Doto, kisha nikasoma tena, jinsi ulivyopenda.

Pumzika. Karatasi yako sijaibandua.

Mkeo,
Mama Kulwa