Picha ya Kifua cha Baba

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu baada ya kimya kirefu. Natumaini wewe, shemeji na watoto mnaendelea vizuri. Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, ila mwili wote ni kama umepigwa ganzi.

Jumanne Baba alikuja hospitalini kwetu kwa kile kikohozi chake, daktari akamwandikia eksirei ya kifua. Mpiga picha wa zamu nilikuwa mimi. Alipoiona mashine aliniuliza kama inachoma. Nikamwambia haichomi wala hataisikia. Mionzi inapita mwilini kufumba na kufumbua, mfupa unaizuia ndiyo maana unatokea mweupe, na mapafu, kwa kuwa yamejaa hewa, yanatokea meusi. Akasema basi leo nitamjua kuliko Mama alivyomjua.

Akavua shati, penseli yake ya useremala ikiwa bado mfukoni. Nikamsimamisha kifua kikigusa ubao wa mashine, kidevu juu, mabega mbele. Akaugonga ule ubao kwa kidole, akasema huu si mti. Nikaingia nyuma ya kizuizi, maana sisi tunapiga picha kutwa na lazima tujikinge, nikamwambia avute pumzi, aishike, asitikisike. Alisimama wima kama anayepimwa suti.

Dada, kuna jambo sijamwambia mtu. Picha ilipotokea kwenye skrini, pafu la kulia lilikuwa na doa jeupe, kubwa kama limau. Baba akauliza kama imetoka vizuri. Nikamjibu kwamba ametikisika, turudie. Hakutikisika. Nilimpiga mionzi ya bure kwa sababu nilitaka lile doa lisiwepo. Akaniomba radhi, akasema ni uzee, kisha akavuta pumzi tena na kuishika mpaka shingo ikatetemeka.

Doa lilikuwa palepale.

Jana daktari alimtoa kinyama kidogo kwa sindano kikapimwe, na hakumficha kwamba huenda ni saratani. Majibu ni wiki ijayo. Baba ametulia kuliko mimi. Kila anayekuja kumjulia hali anamwambia kuwa mwanawe anaijua kazi, hakubali picha mbovu hata kwa baba yake. Mimi nakaa kitini kando yake, naitikia.

Njoo, Dada, usisubiri majibu. Msalimie sana shemeji, na watoto uwakumbatie kwa niaba yangu.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba