Ruta Nzima, Taa Nyekundu

Mwenzangu, uko? Usipige, niache niandike tu.

Intaneti imekata tangu jana. Nimechomoa ruta, nimechomeka, nimebonyeza kile kitufe cha ndani kwa ncha ya hereni, taa nyekundu ile ile. Mume wangu si yuko safari ya kikazi, nikaona nisimsumbue. Nikampigia fundi wa kampuni.

Fundi akacheka! "Dada, ruta yako nzima. Laini ndiyo tumeshaihamisha, mumeo aliomba. Hongereni kwa nyumba mpya!"

Hongereni. Amesema hongereni.

Nyumba gani mpya? Safari ya kikazi, mashati nimempigia pasi mimi mwenyewe kwa mikono yangu!

Na mimi nikajibu "asante." Asante, mwenzangu! Sijui hata imetoka wapi. Kulia sijalia. Nimekaa tu sakafuni na waya mkononi.

Ile asante ikamtia fundi shaka. Akauliza, kwa upole kabisa, "Kwani dada, si wewe uliyenifungulia mlango kule?"

Nikamwambia ndiyo, ni mimi.