Wageni Iko Wapi?

Mume wangu, baba Neema,

Leo nina hasira, na mtu wa kuibeba hasira hii sina mwingine ila wewe. Asubuhi jirani yetu seremala alisimama mlangoni akauliza nitafungua duka lini, maana sukari imepotea mtaa mzima wa Rwambuzi. Nilimtazama, nikaingia ndani kukuandikia.

Unakumbuka safari yetu ya mbugani, kabla vita havijaingia mji wetu wa Bunia? Tangu harusi ulikuwa umeniahidi kwamba utanipeleka kuona viboko. Ukafunga duka, ukaazima gari la kaka yako, ukavaa koti lako la kanisani. Mimi nilisuka nywele upya. Chumba na chakula tulikuwa tumeagiza mapema kama watu wote.

Langoni yule askari wa mbuga alitusalimia vizuri, kisha akachungulia ndani ya gari, akazunguka nyuma, akachungulia tena.

"Wageni iko wapi?"

"Wageni ni siye," ukamjibu.

Akacheka. "Hapana, papa. Nauliza wageni kabisa."

Mgeni kabisa, kwake, alikuwa mzungu. Wewe ulikuwa dereva, na mimi sijui nilikuwa nani, labda mpishi wa dereva. Tukawekwa kando juani mpaka likaja gari la wazungu wawili, ndipo tukaruhusiwa kuingia nyuma yao. Nilitaka turudi nyumbani siku ileile. Ukanishika mkono, ukasema, "Vumilia, mama Neema. Watatuzoea tu."

Kule mtoni mwongoza wageni aliwaeleza wale wawili kwa Kifaransa, kwa kirefu, akionyesha huku na huku. Ulipomwomba anieleze na mimi, alinigeukia akasema, "Ile ni kiboko." Basi! Nimetoka Bunia na vumbi lote lile ili niambiwe kiboko ni kiboko. Ikabidi wewe uninong'oneze maneno yake sikioni, na najua mengine uliyatunga, maana hakuna mzungu anayesafiri mbali hivyo kuelezwa jinsi kiboko jike anavyomgombeza mumewe kwa kuchelewa kurudi. Nilicheka, sikatai. Siku ile yote nilicheka hapo tu.

Mezani tukafukuzwa. "Mashofere wanakulaka nyuma, kwa jiko," kijana wa mezani alisema, tena bila ubaya, kama anayetuelekeza njia. Tukala sombe ya majani ya muhogo na bugali karibu na moshi. Mama mpishi alifuta benchi kwa kitenge chake akatukaribisha, na Mungu ambariki, kwa sababu ni yeye peke yake aliyefanya hivyo. Wewe ulikula vizuri na kumsifu. Mimi nilikuwa nimevimba kwa hasira.

Uliporudi dukani ukaigeuza fedheha ile kuwa kichekesho. "Mimi nimekuwa shofere ya bibi yangu!" Wateja wakashika mbavu. Seremala, aliyekuwa akinywa chai yetu barazani kila asubuhi, alicheka mpaka akafuta machozi.

Kisha vita vikaja, na neno lilelile likageuka sumu. Wenye bunduki walikuwa wanatafuta wageni, na safari hii mgeni alikuwa mtu yeyote ambaye wazazi wake walitoka Butembo, hata kama kitovu chake kimezikwa hapa. Ndugu zako wakaondoka. Mimi, mtoto wa Djugu, ambaye hakuna aliyeniita mgeni, nilikupigia magoti ili nawe uondoke. Ukakataa. "Nimezaliwa hapa Rwambuzi. Wote wananijua. Nitamukimbia nani?" Mvumilivu hula mbivu, wanasema. Wewe, mume wangu, ulivumilia mpaka zikaoza.

Walipokusimamisha kwenye kizuizi chao cha barabarani, nilikuwa nyuma yako.

"Weye ni mugeni?"

"Hapana. Mimi ni mutu wa hapa."

Wakamwita seremala, aliyesimama pembeni na wengine, wakamuuliza kama anakujua. Ulimtabasamia! Ulimtabasamia kama mtu aliyekwisha kuokoka. Naye akatazama chini, akasema, "Huyu ni mugeni." Wakakuchukua. Mpaka leo hakuna aliyenionyesha kaburi, na wanaoniambia nivae nguo za msiba siwasikilizi.

Sasa hivi nimeweka kalamu chini, nikarudi mlangoni. Seremala alikuwa bado amesimama pale. Nikamuuliza, "Baba Neema iko wapi?"

"Ni vita, mama," akasema. "Ni vita tu."

Kesho mimi na Neema tunaondoka kwenda kwa mama yako, Butembo. Nina hasira na seremala, lakini wewe nimekukasirikia zaidi, kwa sababu yeye simpendi. Kama u hai, usinitafute Rwambuzi. Na kama njiani watakusimamisha tena, nakusihi, uache ule ukweli wako. Wakikuuliza wewe ni mtu wa wapi, sikiliza kwanza wanataka jibu gani, kisha uwape hilohilo, uje.

Mkeo,
mama Neema