Njia ya Kwenda Chemchemini

Kambini, Kasulu
11 Februari 2018

Kwako dada Leonia,

Shikamoo dada. Hamjambo nyumba nzima? Mguu wa mama unaendeleaje? Mimi mzima, ila vumbi la huku limenikaa kifuani. Barua hii itapitia kwa Dismasi wa boti pale Kigoma, maana mtandao wa simu huko kwetu ni mpaka mtu apande mlima.

Nimejitafutia kazi mpya. Wanafunzi wangu wa kompyuta, hawa wakimbizi wa Burundi, wengi hawajawahi kugusa kibodi. Nikiwaandikia ubaoni wanasinzia. Sasa nawatengenezea mchezo: kijiji ndani ya kompyuta, mwanafunzi anatembea humo, kila nyumba ina somo moja dogo. Nilipokuwa nahangaika kijiji hicho kifanane na nini, nikaukumbuka ule mchezo wako wa mchangani. Ulikuwa unachora Mwamgongo nzima kwa kijiti, mimi ni kokoto, natoka nyumbani kwenda chemchemini, na nyumba nisiyoiamkia inanirudisha mwanzo. Ndio huohuo! Mwanafunzi akiandika salamu bila kukosea herufi, mlango unafunguka.

Anayenichorea picha ni Skolastika, mkimbizi, msaidizi wangu darasani. Shida ni kwamba nilipelekwa kwa shangazi kule Simbo nikiwa na miaka saba, nimesahau mengi. Nichoree njia yote, dada.

Mdogo wako,
Alphonce


Mwamgongo
27 Februari 2018

Mdogo wangu Alphonce,

Marahaba. Sisi wazima. Mama leo kafika hadi kwenye vichanja vya dagaa na kuwagombeza watu, basi ujue mguu umepona.

Nimecheka peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kulikoni. Kumbe unakumbuka! Ulikuwa ukirudishwa mwanzo unalia na kutupa kokoto ziwani, halafu unakuja kuniomba nikutafutie nyingine.

Ramani hii hapa, kutoka kwetu hadi nyumba ya mwisho, kwa Mama Ziada. Kwa Mzee Januari ni lazima kuamkia mara mbili, maana ya kwanza hujifanya hakusikia. Usiliache hilo, ndilo tamu kuliko yote. Wa mlango wa tatu ukimwambia "mwakeye", salamu ya asubuhi, jioni, anakufukuza. Kipande cha mwisho, kwa Mama Ziada hadi chemchemini, nitakuchorea nikipata karatasi nyingine. Mpaka leo nikipanda kule na ndoo magoti yanalia.

Na huyo Skolastika ndiye nani? Mwambie mchezo una mwenyewe, yupo Mwamgongo, anaitwa Leonia.

Dada yako,
Leonia


Kambini, Kasulu
6 Mei 2018

Kwako dada,

Shikamoo. Hamjambo? Huku tu wazima, mvua zimetutesa lakini zimepita.

Dada, mchezo umepokelewa usipime! Mama mmoja wa miaka hamsini alimkosea Mzee Januari mara tisa, ya kumi mlango ukafunguka, akapiga vigelegele darasa zima likasimama. Wageni walikuja na kamera. Skolastika ndiye aliyewaeleza, anajua kueleza kuliko mimi, na wanafunzi wameshaubatiza "Kijiji cha Skola". Siku hizi hata mimi namwita dada. Ananipikia isombe, kisamvu cha kwao, ananikanya nisivae shati chafu, yaani ni kama wewe kabisa.

Tumekwama kwa Mama Ziada. Ile karatasi nyingine vipi?

Mdogo wako,
Alphonce


Mwamgongo
20 Mei 2018

Alphonce,

Salamu. Sisi tupo.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu imenichoma. Nitasema wazi kwa sababu huyu mama yetu hakunifundisha kunyamaza: nina wivu. Nina wivu mpaka juzi nimewaacha dagaa wakanyeshewa nimekaa nawaangalia tu. Walimu walisema mwenye akili katika nyumba ile ni mimi. Mama alipougua nikaacha shule kidato cha pili, wewe ukaendelea, na sikuwahi kukunung'unikia. Nilibaki na nini? Nilibaki na kuwa dada yako, na kale kamchezo ka mchangani. Sasa vyote viwili umemgawia mtu mmoja, kwa sababu anajua kupika isombe.

Kijiji cha Skola! Skola amezaliwa nyumba ipi hapa?

Njia unayoitaka ni hii. Ukitoka kwa Mama Ziada nyoosha ufukweni moja kwa moja hadi kwenye majabali, chemchemi iko nyuma yake. Basi.

Leonia


Kambini, Kasulu
2 Septemba 2018

Kwako dada Leonia,

Shikamoo dada. Mama hajambo? Ulipoandika jina lako bila "dada yako" wiki nzima nilianza majibu nikayachana, kisha wiki zikawa miezi. Nisamehe kwa hilo jina la mchezo na kwa kusema ni kama wewe. Nilikuwa nimefurahi, nikaropoka.

Njia tuliiweka kama ulivyoandika. Skolastika alipofika kwenye majabali aliacha kuchora. Akaniuliza, "Dada yako kasema hapa?" Nikamwambia ndiyo. Nilimbana, ndipo akaniambia kwamba mwaka 2015 boti iliyowavusha iliwashusha Mwamgongo, wakakaa siku kumi na moja, na maji walikuwa wakichota juu mlimani, si ufukweni. Majabalini hapapitiki.

Dada, umesahau njia uliyoipanda jana na juzi? Au ulitaka wanafunzi wangu wagonge mwamba? Na wanaugonga. Kila anayetoka kwa Mama Ziada anaishia pale na kurudishwa mwanzo. Nijibu, tafadhali. Skolastika amejiandikisha kurudi kwao na sijui ataondoka lini.

Mdogo wako,
Alphonce


Mwamgongo
14 Oktoba 2018

Mdogo wangu Alphonce,

Hujambo? Mama mzima, anakusalimu. Mimi si mzima sana, lakini siumwi.

Sikusahau. Nilikudanganya makusudi. Nilitaka mkwame, wageni waje na kamera zao wakute mmekwama, uone kwamba bila Leonia hakuna kijiji. Nilipoitia barua ile kwenye boti nilijisikia vizuri, na kufikia jioni nilikuwa siwezi kula.

Mwaka ule watu walishuka hapa wengi sana, wamelowa, wana watoto migongoni, wanasema "amahoro", yaani amani, hata kabla ya kuomba maji. Niliwaongoza chemchemini makundi kwa makundi, majina sikuuliza. Huenda na yeye alikuwamo. Watu nisiowajua niliwaonyesha njia ile, kisha nikaja kumficha ndugu yangu wa tumbo moja. Aibu hii sijui niiweke wapi.

Njia ya kweli: kwa Mama Ziada kata kulia, pita jiwe wanaposhonea nyavu, panda mpaka usikie maji. Rekebisha leo, wala usingoje. Na msomee Skolastika barua hii yote, usiruke palipo na ubaya wangu. Mwambie dada yake Alphonce, yule mkubwa, anaomba radhi.

Dada yako, kama bado unanihesabu,
Leonia


Kambini, Kasulu
4 Novemba 2018

Kwako dada yangu Leonia,

Shikamoo dada. Wewe ndiye dada yangu, hilo usiliulize tena.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Skolastika aliondoka Jumanne. Nilimsindikiza hadi kwenye basi la wanaorudi, na sikuwa na cha kumsomea. Namba ya simu hana, mtaa atakaofikia alikuwa haujui.

Kuna jambo sikukuandikia mwezi wa tisa kwa sababu nilikuwa na hasira. Siku ile ile aliyoyaona majabali nilitaka nifute niichore njia upya kama alivyoieleza. Alinishika mkono. Akasema, "Mwalimu, acha. Kijiji ni cha dada yako. Kama kakosea, akitaka atatengeneza mwenyewe. Mimi kwetu nimeshaona watu wakiingia nyumba za wenzao na kuzifanya zao." Basi wanafunzi wameugonga ule mwamba miezi yote hii, na kila walipolalamika aliwaambia mwenye njia bado hajaja.

Sijarekebisha, dada. Nitakuja Kigoma na laptopu likizo ya Desemba. Panda boti ya Dismasi uje uirekebishe.

Mdogo wako,
Alphonce


Mwamgongo
30 Desemba 2018

Mdogo wangu Alphonce,

Hujambo? Nimefika salama, ziwa lilituchafukia kidogo tu. Nimemwambia mama umekonda, anataka kujua kwa nini.

Vidole bado vinaniuma kwa ile kibodi yako. Mwenye mchezo kurudishwa mwanzo mara sita na Mzee Januari wake mwenyewe! Ulicheka sana, nimekuona.

Wanafunzi wakirudi waeleze mabadiliko, maana mengine niliyafanya ulipotoka kwenda kununua vocha. Nyumba yetu sasa mtu aiamkie mara mbili kama ya Mzee Januari, kwa sababu na mimi ya kwanza nilijifanya sikusikia. Lile jina waliloubatiza liache lilivyo, nimelizoea.

Kule juu chemchemini, ile picha ya Skolastika uliyoihifadhi kwenye laptopu nimeiweka pale, anachota maji. Kila mtu mwingine wa kijiji kile anadai salamu ndipo akupishe. Yeye nimemwekea asidai kitu. Ukifika, anakupisha.

Dada yako,
Leonia