Springi Iliyochoka

4 Machi

“Panga lililofuliwa kwa springi ya gari kuukuu ni chuma kilichochoka, kinachongoja tu siku ya kumvunjikia mtu mkononi.”

Hayo ni maneno yako, mpwa wangu, ukurasa wa nne wa ripoti uliyoiandikia kamati ya manunuzi ya hilo shamba la miwa linalokuajiri. Nayaweka kabla ya salamu kwa sababu yalinifikia kabla ya salamu. Haya, marahaba. Kifua kimepona? Mama yako hajambo, ila magoti. Mimi mzima, na hasira zangu pia ni nzima.

Nakala ililetwa karakana kwa baba yako, kama walivyopelekewa mafundi wote wanaouza mapanga huko shambani. Miwani yake imepasuka, akaniletea nimsomee. Nilisoma kwa sauti mpaka kwenye sahihi, nikanyamaza. Akaniambia, “Soma tu, shemeji. Jina hilo nalijua, nililichagua mimi.” Kisha akaikunja karatasi, akarudi kwenye fuawe kugonga chuma chake. Hajasema neno jingine juu ya jambo hilo, na leo ni siku ya sita.

Basi nitasema mimi. Umeandika “chakavu” mara kumi na moja, kana kwamba ni tusi. Springi hiyo imebeba tani za mizigo juu ya mashimo kwa miaka ishirini. Ni chuma gani kingine kimetahiniwa hivyo? Wewe ulipewa shahada kwa mitihani ya saa tatu tatu. Wakikubali ripoti yako, mzee aliyekulea kwa mapanga hatauza panga hata moja. Nijibu.

Mjomba wako

19 Machi

Shikamoo Mjomba,

Mimi mzima, kifua kimetulia. Mwambie Mama asikae kwenye sakafu ya saruji, nilishamwambia, hanisikii.

Mzigo wa miaka ishirini si cheti, Mjomba. Ni ugonjwa. Chuma kinachokunjwa na kunyooka mara zisizohesabika hupata nyufa ndogo ndani, jicho halizioni. Chuoni tunaita uchovu wa chuma. Siku moja kinakatika bila kuaga.

Mwezi wa kwanza panga la springi lilikatika katikati ya miwa. Kipande kiliruka kikaingia kwenye goti la mkataji. Nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, nimemshikilia mguu njia nzima. Panga halikuwa la Baba, lilikuwa la fundi mwingine. Lakini nilipompigia Baba simu nimuulize yeye anatumia chuma gani, alinijibu bila kusita: “Mimi nachukua zilizochoka tu, hizo ndizo nzuri.” Alikiri mwenyewe! Ningefanyaje? Nimsamehe Baba kwa kuwa ni Baba, halafu nikamtazame yule mkataji usoni?

Kamati inakaa tarehe 30 Aprili. Sijalala vizuri tangu nitie saini, lakini saini niliitia.

Mpwa wako

2 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa yule mkataji. Umenipiga pale pa cheti na ugonjwa. Nakubali, ila usizoee.

Nilichukua neno lako nikaenda nalo karakana, nikakaa siku mbili juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimesoma vitabu vingi juu ya kazi za mikono, vingi vimeandikwa na watu wasio na lengelenge hata moja. Sikuwa nimewahi kutazama mapanga ya shemeji yanavyozaliwa. Aibu yangu.

Nilimuuliza springi iliyochoka ni ipi. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa maji ni nini. “Iliyochoka ni iliyolala. Upinde wake umekwisha, haiwezi tena kuinua lori. Lakini haijapasuka. Mimi nimechoka, shemeji. Nimepasuka?”

Na iliyopasuka anaiitaje? Anaiita maiti.

Sikia anavyozitenga. Kila springi anaitundika kwenye waya na kuigonga kwa nyundo ndogo. Nzima hulia muda mrefu. Mbovu husema “kwa” na kunyamaza. Iliyolia bado haiamini. Anaipaka mafuta ya taa, anaiacha kwa muda wa kikombe cha chai, anaifuta ikauke, kisha anainyunyizia unga wa chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yake hutoka yenyewe na kuchora mstari mweusi juu ya chaki, mwembamba kama unywele. Kati ya springi kumi na nne, sita alizitupa mbele yangu. Mojawapo ningeapa kwamba ni mpya.

Kisha moto. Anaipasha mpaka ifanane na papai bivu, anaifua, na ule upinde wa gari unapotea kama haujawahi kuwapo. Panga likishapata umbo, analirudisha motoni na kuligusisha sumaku aliyoing’oa kwenye spika ya redio iliyokufa. Chuma kikiikataa sumaku, ndiyo dalili kwamba joto limetosha, kinazamishwa kwenye mafuta. Hapo kinakuwa kigumu kama kigae, na kama kigae kinavunjika. Kwa hiyo anakipasha tena, taratibu, makali yapate rangi ya majani makavu na mgongo uwe wa buluu.

Mwisho alipachika ncha kwenye ufa wa gogo, akalikunja panga mpaka likawa kama upinde, akaliachia. Lilirudi limenyooka.

Kile kipande kilichomwingia mkataji unacho? Kitazame pale kilipokatikia.

Mjomba wako

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumaini wote wazima. Mimi afya nzuri, moyo ndio wa kuulizia.

Kipande ninacho, kwenye droo. Nimekiweka chini ya lenzi. Nusu ya mkato inang’aa, hiyo ilivunjika siku ile. Nusu ya pili ni nyeusi, ina gamba la moto. Maana yake ufa ulikuwapo kabla fundi yule hajakitia kwenye mkaa. Alifua maiti. Hakuna aliyekipaka mafuta ya taa, na kipimo hicho nakijua. Tulifundishwa maabara, kwa dawa ya kopo na taa maalumu, na mhadhiri akatuonya kwamba ni kigeni kwa mafundi wa mitaani.

Na neno. Baba alisema “zilizochoka” kwa lugha ya karakana, nami nikalisikia kwa lugha ya chuo. Nimekulia mle ndani, Mjomba. Ningeweza kumuuliza.

Nilimwomba mkuu wangu tuufute ukurasa wa nne. Akasema ripoti imeshajalidiwa. Ila ninaruhusiwa kuwasomea wanakamati barua moja kutoka upande wa mafundi, siku mbili kabla ya kikao. Iandike wewe. Nitaisoma mwenyewe.

Baba anasemaje juu yangu?

Mpwa wako

24 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilimsomea barua yako. Alipiga tupa muda mrefu, kisha akasema, “Mwambie chaki imekwisha. Akija aje nayo.” Kwa mtu asiyeandika barua, hiyo ni barua.

Yanayofuata wasomee kwa sauti.

Waheshimiwa saba wa kamati, mhandisi wenu alikosea neno moja, na amesimama mbele yenu kulirekebisha. Mheshimuni kwa hilo. Hakukosea aliposema kwamba mfanyakazi asipewe chuma kisichokaguliwa. Basi andikeni hivyo hivyo: kila springi ikaguliwe mbele ya shahidi, na kila fundi agonge alama yake kwenye panga lake. Msiandike “chakavu” mkadhani mmemlinda mtu.

Nyuma ya gereji yenu kuna rundo la springi. Kesho, kabla hamjakaa kikao, chagueni mbili ninyi wenyewe, mje nazo karakana saa mbili asubuhi. Simameni tangu mkaa unapowashwa mpaka mpini unapotiwa. Panga likipoa, mlikunje kwa mikono yenu, mmoja mmoja. Baada ya hapo kalamu ni yenu, andikeni mtakalo. Lakini asiyekuja, asitie saini.

Shemeji wa fundi, mjomba wa mhandisi wenu