Ijumaa Zote Ulisema Huna Uongo

Umetimia mwaka mmoja leo, Baba, tangu tulipokukuta umelala kwenye mkeka wako wa yoga, tukadhani unapumzika.

Ulianza yoga kwa sababu ya mgongo. Miaka ishirini ya kuinamia viatu vya watu ilikuwa imekupinda, daktari akakwambia ufanye mazoezi. Ulikwenda kunyoosha mgongo, ukarudi na masharti: tusidhuru, tuseme kweli, tusichukue tusichopewa, tusilimbikize, turidhike. Majirani wakakubatiza Mzee Mkeka. Ulipokataa kuua mbu, Mama alisema, "Basi na wao kawape hayo masharti," ukacheka mpaka ukakohoa.

Hatukatai, ulikuwa mtu mwema. Mteja akileta kiatu kilichokwisha, ulimwambia wazi, "Hiki nikikushonea nitakuwa nimekudanganya." Soli zilizobaki uliwagawia mafundi wenzako, hata yule wa kibanda cha pili aliyekuwa akikuchafulia jina.

Na Ijumaa zile. Kabla ya kula, kila mtu alitaja uongo wake wa wiki. Mama alikiri kumwambia jirani pasi imeungua ili asimwazime. Mimi, binti yako, nilikiri mengi, na mengine yaliniaibisha mbele ya kaka. Wewe ulikuwa wa mwisho. "Mimi wiki hii sina," ulisema, ukavuta sahani. Ulipoanza kukonda ukasema ni nidhamu ya kula kidogo. Tulikuamini, tena tulikusifu.

Siku tatu baada ya kukuzika, kaka alikwenda kufunga kibanda. Chini ya makopo ya gundi alikuta karatasi za hospitali. Ya kwanza ilikuwa ya miezi minane nyuma: uvimbe tumboni, urudi baada ya wiki mbili upasuliwe. Hukurudi. Shangazi, dada yako wa damu, nesi wa miaka mingi, alizisoma mara mbili. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, kisha akalia kwa hasira.

Mwalimu wako wa yoga alikuja kutupa pole. Alitueleza kwamba kutodhuru hutangulia yote, hata kweli, na kwamba pengine ulitaka kutuepusha na uchungu. Mama akamuuliza, "Mwalimu, na hiki tulichofanyiwa sisi kinaitwaje?"

Sisi tunalijua jina lake. Ni wizi. Miezi ile minane haikuwa yako peke yako. Tungekupeleka hospitali, tungekubembeleza, tungegombana nawe ikibidi. Na kama ingeshindikana, basi tungekuaga. Ulitufanya sote watoto, hata mkeo uliyezeeka naye. Tuna uchungu, Baba, na hatuoni haya kuusema.

Unakumbukwa na mkeo, binti yako, mwanao wa kiume na dada yako. Kaka alitaka tangazo hili liseme tumekusamehe. Mama amekataa. Amesema tusubiri mpaka iwe kweli, ndipo tuandike. Hatutakusahau kamwe, Baba, hata siku zile tunazotamani tuweze.