Kaa, Dole Gumba na Kiti Changu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nina miaka themanini na mbili. Nimemzika mke wangu, Mungu amrehemu. Nimemzika daktari aliyenikataza chumvi. Nimezika redio tatu na meno yote, isipokuwa hili moja la mbele ambalo ni kaidi kama mimi. Wenzangu wote niliocheza nao mtoni wametangulia. Tumebaki wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, Chiriku. Na mmoja wetu ni mwongo!

Chiriku si jina lake. Tulimpachika utotoni maana haishiwi maneno. Amekuja jana kukaa wiki nzima hapa kwa binti yangu, na leo tu, chakula hakijapoa, ameniharibia.

Nilikuwa nasimulia habari ya kaa. Ile ya siku zote. Jinsi nilivyokuwa kitoto kidogo, nikaingiza mguu kwenye shimo la kaa kando ya mto, nikachezesha dole gumba, kaa akanasa, nikamvuta nje taratibu. Kimya. Hata uso sikukunja. Kaa mkubwa kama kisahani cha chai! Tukamchoma tukamla na maganda. Dole likabaki limepinda hadi leo — nikawaonyesha hapo hapo, mguu juu ya meza. Binti yangu akasema Baba, shusha mguu, watu wanakula.

Chiriku akaweka kijiko chini. Anasema nililia. Anasema nililia mpaka ng'ombe wa ng'ambo wakaacha kula nyasi wakatuangalia. Eti yeye ndiye aliyenishika mkono akinibembeleza mpaka kaa akaachia. Na dole? Eti niliangukiwa na mchi nikidokoa karanga jikoni!

Mkwe wangu kinyozi akacheka mpaka wali ukamtoka puani.

Nikapiga meza. Nikasema Jumamosi twende mtoni, nitamtoa kaa kwa mguu huu huu, na hata kikohozi hamtakisikia. Chiriku akadaka hapo hapo. Sawa kaka, lakini sheria naweka mimi: usitoe sauti mpaka kaa aingie sufuriani. Ukitoa, kiti chako cha dirishani nakalia mimi, wewe utakalia kigoda. Na habari ya kaa nitaisimulia mimi mpaka tuzikwe.

Nikasema sawa. Mdomo huu!

Kiti kile kimeshika umbo la makalio yangu. Lakini si kiti tu. Tumebaki wawili wa kusimulia. Akisimulia yeye peke yake, basi nililia. Wajukuu watajua hivyo na watawaambia watoto wao. Babu mlizi! Thubutu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Mkono umechoka kwa kuandika jana. Herufi zangu kubwa, zinamaliza karatasi upesi.

Chiriku kamwambia binti yangu kwamba hata kamba nilikuwa sijui kuvua. Mimi! Kamba wa mtoni, wale wadogo wanaoonekana mpaka ndani kama vioo, nilikuwa nawazoa kwa gunia la zamani. Wawili tunashika ncha, tunaburuta chini ya majani ya pembezoni, tunainua — gunia zima linarukaruka kama lina mapepo. Na kambare? Kiangazi mto ukibaki madimbwi, mimi naingia topeni mpaka shingoni, napapasa. Ukigusa kichwa, ni chako. Ukigusa mkia, umejipaka tope bure. Sikuwahi kugusa mkia.

Nilimwambia Chiriku hayo. Akasema ni kweli kaka, mkia hukugusa. Uligusa nyoka ukatoka dimbwini unakimbia bila kaptula.

Upuuzi! Kaptula ilikuwa inakauka juu ya kichaka.

Tulipika kwenye kopo la mafuta. Kamba wanageuka wekundu, unawatoa kwa kijiti, unapuliza vidole, unakula umesimama. Mpishi mimi, mbeba chumvi mimi. Chiriku anasema chumvi alikuwa anaifunga yeye kwenye pindo la gauni. Sasa na chumvi nayo anaitaka!

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mazoezi yameanza. Siri.

Nimechukua kibanio cha nguo nikabana dole. Si kitu. Viwili — si kitu. Nikajifungia chooni na vibanio vyote, nikabana vidole vyote vya mguu, nikajikaza kisabuni, kitambaa mdomoni. Kimya kabisa! Nikajiona kijana.

Kumbe nguo zilikuwa kwenye kamba. Upepo ukaja. Binti yangu ni fundi cherehani, na gauni la mteja limekwenda kumvaa mbuzi wa jirani. Akaja anagonga mlango wa choo. Baba, umeona vibanio? Akagonga tena. Baba, uko salama humo? Ningejibu vipi na kitambaa mdomoni? Kinyozi akaitwa, wakasukuma kitasa kikang'oka. Wakanikuta nimekaa na vibanio mguuni kama mgomba wenye vikonyo.

Binti yangu alichuchumaa. Alivitoa kimoja kimoja, akaenda zake kumfukuza mbuzi.

Chiriku alisimama nyuma yao. Mabega yalikuwa yanatikisika.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Kinyozi amenikata kucha kwa mkasi wake wa kazini. Mikono yake laini, ila maneno. Anasema baba, ongea na shangazi, yaishe. Kaa wa siku hizi wakali. Nikamwuliza umeonana nao wapi? Akahamia mguu wa pili.

Jioni Chiriku akaja mwenyewe na kikombe cha chai. Akakaa kwenye kigoda. Kaka, acha. Umri umekwenda, utaanguka majini bure. Tuseme yameisha.

Nikamwuliza, tuseme sikulia?

Akafikiri. Akapuliza chai — chai yangu. Akasema hapana kaka. Ulilia. Lakini tuseme yameisha.

Basi hayajaisha!

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Naandika mchana huu huu, maana mdomo nimekatazwa. Kalamu haina sauti. Sheria haikuitaja kalamu.

Tulikwenda wote wanne. Mto wa hapa si ule wetu, huu vijana wanaoshea pikipiki. Lakini ukingo ni ukingo. Nilitembea nimeinama, nikapita mashimo makavu, makavu, mpaka nikaliona lenye tope bichi mlangoni. Mwenyewe yumo! Nikavua kiatu. Kinyozi akanishika makwapa. Nikaingiza mguu, nikachezesha dole kama mtu anayeita kuku.

Hakuna kitu. Chiriku akasema labda kaa kasikia habari zako kahama.

Ndipo akanasa.

Vibanio! Nani alinidanganya na vibanio? Moto ulinipanda kutoka dole mpaka kwenye hili jino. Nilimwita mama yangu mzazi, lakini kimoyomoyo. Machozi yalitoka, ndiyo. Ulikuwa upepo. Na sheria ilisema sauti, haikusema machozi. Nikavuta taratibu, taratibu, nikamtoa mzima mzima. Waosha pikipiki wakapiga makofi.

Si mkubwa kama yule. Ukubwa wa kiberiti hivi. Ila roho ya askari jela.

Chiriku akasema, tia mguu majini kaka, ataachia mwenyewe. Hiyo ni kweli, kaa ukimrudisha kwenye maji yaliyotulia anaachia. Lakini ataachia na kwenda zake! Sufuriani ataingia nani? Nikatikisa kichwa. Binti yangu akasema basi haraka, sufuria iko wapi?

Wote wakanitazama. Sufuria iko nyumbani. Mimi ndiye niliyesema tusibebe mizigo, mtoni si safari.

Waosha pikipiki wakatuazima toroli. Kinyozi akasukuma. Nimepita mtaa mzima nimekaa kwenye toroli, mguu juu, kaa ananing'inia kama kengele. Watu waliuliza, mzee kapatwa na nini? Siwezi kujibu. Chiriku akajibu kwa niaba yangu, kila mlango, na kila mlango habari ikazidi kurefuka. Kwa muuza mkaa nilikuwa nimeng'atwa na mamba.

Sasa niko kwenye kiti changu. Sufuria inachemka. Chiriku alisema, haya kaka, kaa aingie, ikibidi aingie na mguu. Kinyozi akaja na mkasi. Nilimtazama tu, akaurudisha mfukoni. Kisha binti yangu akaleta beseni la maji, akaliweka chini ya mguu wangu. Mtoto mwenye akili, kanifuata mimi. Kaa akiachia humo ndani ya beseni hana pa kwenda, anadakwa, anatiwa sufuriani. Nimeshinda!

Nimetia mguu.

Hajaachia.

Yanatakiwa maji yaliyotulia. Haya hayatulii. Mguu unatetemeka, beseni lote linatetemeka, maji yanaruka mpaka kwenye zulia. Nimeuambia mguu utulie. Haunisikii. Miaka yote hii naulisha!

Dole limekuwa rangi ya zambarau. Sauti iko hapa kooni, imekaa, inasubiri mlango ufunguliwe.

Chiriku amefungua fundo la kitambaa chake cha kichwa. Ndani kuna chumvi. Ametia sufuriani bila kusema kitu. Kisha kavuta kigoda, kaja kukaa karibu yangu, uso kwa uso. Nikajua anataka kunichekesha ili nitoe sauti. Nikafumba macho.

Hakunichekesha. Amenishika mkono huu wa kushoto. Anasema pole pole, tulia kaka, tulia, anaachia sasa hivi.

Mkono wake wa baridi. Hata siku ile ulikuwa wa baridi.

Maji yanaanza kutulia.

Kaa amelegeza gando moja. Amekaza tena. Sahani imeandaliwa moja, kubwa, ya watu wanne na kaa wa ukubwa wa kiberiti.

Atakayebisha awaulize waliopo. Binti yangu ameshika mfuniko. Mkwe wangu kinyozi ameshika kijiko kirefu. Chiriku amenishika mkono. Na kaa mwenyewe ni shahidi, amenishika dole. Mpaka hapa ninapoandika, sijatoa sauti.